Ukungu wa Programu Zote Mbili

Ngamiani, Tanga
23 Juni 2024

Mpwa wangu Najat,

Assalaam alaykum. Sisi huku tumeamka, na kwa umri wetu hiyo ni habari njema ya kutosha. Mkaza mjomba wako Semeni ni mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe limekaa nasi muda mrefu hata sasa tunaliulizia hali kama mgeni wa nyumbani. Mama yako alikuja kutoka Mkwaja siku ya Idi na kikapu cha mihogo na malalamiko. Mihogo tumekula. Malalamiko ni yako: hupigi simu, na yule mwalimu wa Tukuyu humtaji tena. Nimemwambia mtu wa hali ya hewa hutabiri, hatabiriwi. Hakucheka.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Sababu ni mbili. Kwanza, maandishi ya simu siku hizi wameyafanya madogo mno, nadhani wanabana matumizi. Pili, wewe hupiga jioni, na jioni mimi niko hewani. Rubani hapokei simu. Kwa hiyo tuandikiane, nawe utumie kalamu nzito, nyeusi.

Sasa nije kwenye jambo. Uliniahidi kwamba ukithibitishwa kazini utaninunulia programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta, moja, ya halali, niachane na hizi za majaribio alizoniwekea Luka. Luka ni yule mwenye duka la kompyuta karibu na soko, Mlutheri, mtu mpole. Umethibitishwa. Nimesubiri kwa adabu. Naona adabu imetosha.

Programu ziko mbili na ni lazima nichague. Chumba cha redio unakijua. Tangu watu waache kutengenezesha redio, kimekuwa chumba cha rubani. Usukani ni wa baiskeli ya zamani, vitufe vyote ni vya redio zilizokufa mikononi mwangu kwa amani. Kiti ni kile cha marehemu baba yetu, nimekifunga mkanda. Nikishafunga mkanda sisimami mpaka nitue. Juzi alikuja mgeni, Semeni akamwambia, "Mzee yuko juu ya Pemba, atashuka baada ya adhana." Mgeni akakaa akasubiri. Ndivyo inavyotakiwa.

Programu ya kwanza naiita ya picha. Hii dunia yake imetengenezwa kwa picha za setilaiti. Mto Pangani uko pale ulipo, mashamba ya mkonge yako na mistari yake, Ngamiani yote na barabara zake zilizonyooka. Lakini ndege yenyewe haina uzito. Ukivuta usukani inapanda bila kunung'unika, na mimi sijaona chombo chenye injini kisichonung'unika.

Ya pili naiita ya mwendo. Hapa ndege ni ndege. Upepo wa kusi ukiisukuma inasukumika, ukisahau kukanyaga pedali inaenda mrama. Ila dunia yake ni ya kubuni. Wameijaza Tanga nyumba za Ulaya zenye dohani za moshi. Pale nyumbani kwangu wameweka bustani. Sasa niambie wewe msomi: mtu anayetaka ukweli achukue nchi ya kweli na ndege ya uongo, au ndege ya kweli na nchi ya uongo?

Mimi naelekea ya picha kwa sababu moja. Ukungu wake ni wa kweli kabisa. Kila nikiruka, Raskazone, kule ufukweni, naiona kwa mbali kama iliyofunikwa chandarua, na nikitoka barazani naiona hivyo hivyo. Programu inayojua ukungu wa Tanga si ya kudharau.

Kwa taarifa yako, safari ya Mombasa bado sijaimaliza. Nikifika juu ya Horohoro, mpakani, nageuza, maana hati yangu ya kusafiria imekwisha muda wake.

Mjomba wako,
Ayubu


Songwe, Mbeya
9 Julai 2024

Mjomba wangu Ayubu,

Shikamoo. Mshike mkono mkaza mjomba, na goti lake nalo ulipe pole. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Julai haina dini. Navaa koti juu ya koti, asubuhi natoka kwenda kusoma vipimo nikiwa mzito kama mzigo wa stendi. Mama nimempigia. Tuliongea kuhusu mihogo.

Barua yako imenichekesha hadi wenzangu kituoni wakataka kujua. Ahadi ninaikumbuka na nitaitimiza. Kuhusu kuchagua, mimi nakujibu kwa kazi yangu. Ukitaka kuona nchi, chukua ya picha. Ukitaka kujua hewa, chukua ya mwendo. Hakuna inayokupa vyote. Ila usiseme ndege ya kwanza haina uzito mpaka Luka aangalie vipimo vya usukani wako. Usukani wa baiskeli haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na ndege nyingi zinasingiziwa uzembe wa baiskeli.

Jambo moja limenikwama. Ukungu. Mjomba, mimi nalipwa mshahara kutazama ukungu. Huku Songwe tunaujua, unafunga uwanja, ndege zinarudi na abiria wake. Lakini Tanga mwezi wa sita, mchana, ukungu kila siku? Kusi linavuma, hewa inasafishwa. Hiyo hainiingii akilini.

Naomba unifanyie kazi. Sisi tunapopima umbali wa kuona hatutumii mashine peke yake. Tuna alama ambazo tunajua ziko umbali gani: mnara, kilima, tangi la maji. Tunasimama mahali pamoja, tunatazama kipi kinaonekana na kipi hakionekani. Simama barazani saa nne asubuhi, uniandikie unaona nini upande wa baharini. Andika unachokiona, si unachokijua.

Na barua yako ni ya kurasa saba, lakini maneno ni ya kurasa tatu. Zamani uliandika herufi ndogo kama za vitabu vya redio. Nimeuliza tu.

Mpwa wako,
Najat


Ngamiani, Tanga
28 Julai 2024

Mpwa wangu Najat,

Assalaam alaykum, na marahaba. Nafurahi kusikia koti lako lina koti. Huku Haji jirani ameozesha binti yake, tumekula biriani siku mbili, ya pili yake ikiwa nzuri kuliko ya kwanza. Naona kuhusu mwalimu wa Tukuyu umenijibu mihogo. Haya.

Herufi nimezikuza kwa sababu nakuheshimu. Mtu mwenye shahada hatakiwi kukodoa macho.

Sasa, habari mpya. Nimerudi kwenye programu ya mwendo kwa wiki nzima ili nisiwe mwenye upendeleo. Utaona ajabu: na yenyewe ina ukungu. Ule ule. Unakaa pale pale, katikati ya kioo, mzito zaidi jua likiwa mbele. Nikamwambia Luka azime hali ya hewa yote, aweke anga tupu. Akasema amezima. Ukungu ukabaki. Nimefikia uamuzi kwamba kampuni hizi mbili zimeibiana. Kama si kuibiana, iweje ukungu ufanane hivyo? Nakusudia kuwaandikia barua ya malalamiko. Luka alinitazama sana, akasema, "Mzee, mimi naona Pemba mpaka miti yake." Vijana wa kompyuta wanapenda sana kusema wanaona.

Kutua sasa natua vizuri, maana Semeni nimemfanya rubani wa pili. Hayo si maajabu. Katika ndege za kweli mmoja hushika usukani na mwenzake husoma saa za vipimo kwa sauti. Ameleta kigoda chake, anakaa mkono wangu wa kushoto na ungo wa kuchambulia mchele mapajani, ananisomea: "Futi elfu moja. Mia nane. Mia tano, baba, punguza kidogo." Alianza mwenyewe tu, mimi sikumwomba. Siku ya kwanza alikuja kuleta chai, akasimama, akatazama nilivyoinama kwenye kioo, akaenda kuleta kigoda.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Nimesimama barazani saa nne. Naona nyumba ya Haji na ule mti wake mkubwa wa mkungu mbele ya mlango. Nyuma yake mnara wa msikiti. Nyuma yake tangi la maji. Baada ya hapo ni chandarua. Andika hivyo kwenye vitabu vyenu.

Mjomba wako,
Ayubu


Songwe, Mbeya
11 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hongera ya harusi ya kwa Haji. Mimi sijambo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne nitaituma hata ikiwa mbaya.

Mkungu wa Haji haupo. Ulikatwa Idi ya kumaliza Ramadhani nami nikiwa hapo Tanga. Kuni zake ndizo zilizopikia pilau ya nyumba yenu, na wewe ndiwe uliyesema pilau inanuka moshi. Miezi minne sasa mbele ya mlango wa Haji kuna kisiki na ndoo ya kuwekea taka. Nilikuomba uandike unachokiona, ukaniandikia unachokijua.

Pili, nimempigia mwenzangu wa kituo cha Tanga. Juni na Julai yote, mchana, umbali wa kuona ulikuwa kilomita kumi na zaidi. Zaidi ya hapo sisi huwa hatuandiki, maana hewa ikishakuwa safi hivyo hakuna rubani anayeuliza. Tanga haina ukungu, Mjomba. Programu ya picha haina ukungu. Ya mwendo haina ukungu. Kampuni hazijaibiana. Ukungu uko kwenye macho yako.

Ninavyodhani ni mtoto wa jicho. Bibi mzaa mama alikuwa naye, hakutaka kutibiwa, na miaka yake ya mwisho alikuwa akinishika uso kunitambua. Sitaki unishike uso. Mtoto wa jicho anaondolewa, watu wanalala siku moja wanarudi nyumbani. Akiachwa sana, mambo mengine huharibika ambayo hayarudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sikusemei kifo, nakusemea kuumbuka.

Programu nitakununulia yoyote utakayo, hata zote mbili. Sharti langu ni moja: kwanza uende ukapimwe macho.

Mpwa wako anayekupenda,
Najat


Ngamiani, Tanga
1 Septemba 2024

Najat,

Barua yako imefika. Hapa wote wazima. Mvua hakuna.

Ile habari ya programu tuiache. Hizi za majaribio zinanitosha.

Macho yangu yalishapimwa.

A.


Songwe, Mbeya
22 Septemba 2024

Mjomba wangu Ayubu,

Shikamoo. Natumai hasira zinakwenda zikipungua. Baridi huku imelegea, nimevua koti moja.

Nimeisoma barua yako fupi mara nyingi kuliko zile ndefu. Macho yako yalipimwa lini? Na nani? Nimemwuliza mama, akasema hilo nikuulize mwenyewe, na kwamba nisikuulize.

Mjomba, mimi si mtoto wako wa kuzaa, lakini baba alipofariki wewe ndiwe uliyenifundisha kutumia bisibisi. Ulinikalisha kwenye meza ya redio ukaniambia, "Kabla hujalaumu kituo, angalia antena yako." Maneno hayo nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. Sasa nayarudisha kwako na unaniona sina adabu.

Naogopa. Nalisema wazi kwa sababu wewe hutalisema. Naogopa kwamba mkaza mjomba atasoma saa, kisha atasoma barua zangu, kisha atakushika mkono kwenda msikitini, na wote mtasema ni utaratibu wa ndege za kweli.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Najat


Ngamiani, Tanga
3 Novemba 2024

Mpwa wangu Najat,

Assalaam alaykum. Nimekaa kimya wiki nyingi, na kwa hilo unisamehe. Vuli imeanza kunyesha na paa linavuja pale pale linapovujaga. Semeni ni mzima. Alikwenda Mkwaja kumsaidia mama yako palizi, na ndipo jambo lililonifanya niandike likatokea. Naliandika kama ripoti, maana ajali ya ndege haisimuliwi kama hadithi.

Ndege: ya injini mbili, programu ya picha. Safari: Pemba kwenda Tanga. Abiria: kumi na moja. Rubani: Ayubu. Rubani wa pili: hayupo, yuko Mkwaja. Hali ya hewa: safi. Hilo la mwisho nimeliuliza kwa Luka, kwa maandishi.

Rubani alivuka bahari bila tatizo. Alipoikaribia nchi kavu hakuwa na wa kumsomea saa, akasema moyoni kwamba Tanga anaijua, amezaliwa hapo. Akaona mbele yake mstari mweupe, mrefu, ulionyooka. Akaushukia. Kutua kulikuwa kuzuri, pengine kuliko kote alikowahi kutua. Ndege ilitikisika kidogo, rubani akalaumu matengenezo ya uwanja. Akazima injini. Akawaambia abiria karibuni Tanga, angalieni msisahau mizigo yenu.

Wakati huo akaingia Luka ameleta waya. Akasimama nyuma ya kiti. Akasema, "Shikamoo mzee. Mbona umepaki katikati ya mkonge?"

Najat, nilikuwa nimetua kwenye barabara ya matrekta, ndani ya shamba, mkonge kulia na mkonge kushoto. Uwanja wa ndege ulikuwa mbali huko. Luka akanikuzia picha mpaka nikaona miba. Ingekuwa ile programu ya mwendo nisingepajua, maana pale wangeweka nyumba ya Ulaya. Ya picha ndiyo iliyonifunga, kwa kuwa inaijua nchi.

Nimejisimamisha kazi siku hiyo hiyo. Uchunguzi umefanyika. Ndege nzima. Hewa safi. Usukani, Luka ameupima, hauna kosa. Kilichobaki ni rubani.

Sasa nikujibu swali lako. Macho yangu yalipimwa mwaka 1978. Walikuja watu kuchagua vijana wa kwenda kusomea urubani. Tulikwenda wengi kutoka Tanga, hesabu nikafaulu, mbio nikafaulu, moyo wangu wakausikiliza wakasema unadunda vizuri. Wakaniweka mbele ya ubao wa herufi. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nikauona kama sisimizi. Aliyekuwa akinipima hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Kijana, macho haya ni ya kutosha kwa kazi nyingi." Nikatoka nje nikamkuta mama yako amekuja na kitumbua kunisherehekea. Nikakila. Mwaka ule ule nikaingia kwenye redio, kazi ambayo unatazama kwa karibu.

Sijasimama mbele ya ubao ule tena tangu hapo. Miwani nilinunua mnadani, nikajaribu mpaka nikapata inayofaa. Ulipoandika nikapimwe, nilimwona yule mtu amekaa pale pale, ananisubiri aniambie mara ya pili. Naogopa, mpwa wangu. Umetaka lisemwe, limesemwa.

Mwezi huu kambi ya madaktari wa macho inakuja hapa mjini. Haji amenitangazia msikitini mbele ya watu, kwa hiyo siwezi kukwepa. Nitakwenda.

Kisiki cha mkungu nimekipapasa kwa mguu. Kweli kipo.

Mjomba wako,
Ayubu


Songwe, Mbeya
14 Novemba 2024

Mjomba wangu Ayubu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu weka akiba.

Ripoti nimeisoma kituoni nimejifungia stoo. Nimecheka mkonge, kisha nimelia kitumbua. Poleni na abiria.

Wakikuuliza dawa unazotumia, waambie zote, hata zile za mitishamba unazomficha mkaza mjomba na ambazo anazijua. Ukifungwa kitambaa usikifungue kuchungulia, jicho si redio. Likizo nimeomba, nimenyimwa, tupo wawili tu kituoni na masika ya huku ndiyo yanaanza. Nitakuwa nikiangalia vipimo huku na moyo uko Tanga.

Yule mtu wa 1978 atakuwa ameshastaafu. Aliye pale sasa yuko upande wako.

Mwalimu wa Tukuyu anakusalimu. Amesema usisahau kumwagiza Luka asafishe kioo.

Najat


Ngamiani, Tanga
29 Desemba 2024

Mpwa wangu Najat,

Assalaam alaykum. Mwalimu wa Tukuyu salamu zake nimezipokea, na nimemsomea mama yako sentensi hiyo kwa simu, mwenyewe, kwa macho yangu. Alitaka niirudie. Jitayarishe.

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. La kushoto wamesema mwezi wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko foleni. Asubuhi yake nesi akafungua kitambaa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta, una ufa na mjusi. Cha pili alikuwa Semeni, amekaa kwenye benchi ameshika chupa ya chai.

Najat, Semeni amezeeka. Nywele za mbele zote nyeupe, na hapa pembeni mwa mdomo pameingia mistari miwili. Mara ya mwisho nilipomwona vizuri hakuwa nayo. Sijui ilikuja lini, wala hakuniambia. Akaniuliza, "Unaona?" Nikasema naona. Akauliza, "Unaona nini?" Nikasema, "Nakuona wewe." Akalia pale pale mbele ya manesi. Nikamwambia asinilize na mimi, jicho halitakiwi maji. Nikawa nimechelewa kusema.

Ubao wa herufi upo, ni ule ule. Walinisimamisha siku ya kurudi kukaguliwa. Nikasoma wa tatu, nikasoma wa nne, nikaendelea kuteremka mpaka wa pili kutoka chini. Wa chini kabisa sikuuona na sikudanganya. Nikamwuliza daktari kama mtu mwenye jicho hili angeruhusiwa kurusha ndege. Binti mdogo, umri wako. Akauliza nina miaka mingapi, nikamtajia. Akanitazama, akatazama karatasi yake, akasema, "Babu, kwa jicho hili tu, ndiyo." Nimeona ni haki. Nimetoka nje, hakukuwa na kitumbua, nikanunua mwenyewe, na cha Semeni.

Luka alikuja kuniwashia kompyuta. Kampuni zote mbili zimeondoa ukungu siku moja. Barua ya malalamiko nimeamua kutoituma.

Nilikaa zamu moja kwenye ya mwendo, zamu moja kwenye ya picha. Ya mwendo ndiyo ndege, sibadilishi kauli. Lakini kwenye ya picha Semeni ameiona Mkwaja. Alisogea mpaka pua ikagusa kioo, akanionyesha njia ya kwenda shambani kwa mama yako, na mahali alipoangukia goti miaka ile. Kwa hiyo ninunulie ya picha. Ndege ya uongo nitaivumilia. Hati ya kusafiria nimeomba mpya. Semeni hana, kwa hiyo Horohoro bado tunageuza.

Liko jambo moja ambalo nakuandikia wewe tu. Baada ya jicho kupona nilimwambia Semeni sasa saa nazisoma mwenyewe, apumzike na kazi yake ya mchele. Akasema sawa. Akachukua kigoda akakirudisha jikoni. Nikaruka peke yangu kwenda Pemba, nikarudi, nikatua pale panapotakiwa, katikati kabisa ya njia. Chumba kilikuwa kimya. Kesho yake nikaruka tena. Pazuri pote, bahari inaonekana mpaka chini, na ilikuwa safari mbaya kuliko ile ya mkonge.

Siku ya tatu, nilipoanza kushuka, nikaita jikoni. Nikamwambia, "Semeni, hebu njoo. Hii saa ya urefu siioni vizuri."

Akaja na kigoda. Alikaa, akaweka ungo wa mchele mapajani, akatazama saa, akanitazama mimi, akatazama saa tena.

"Mia tano, baba," akasema. "Punguza kidogo."

Nikapunguza.

Mjomba wako,
Ayubu